Vizibo 20 na dakika 15 baada ya ugali

Mtoto wa mdogo wangu aliletwa kwangu kutoka Bahi mwezi wa sita, likizo ilipoanza. Alikuwa darasa la tatu. Jioni ya kwanza alinisomea ukurasa mzima wa kitabu cha darasa la pili bila kukwama, sauti ikipanda na kushuka kama anaimba. Nikamwambia vizuri, sasa nionyeshe neno "kisima" liko wapi. Akaanza upya tangu mstari wa kwanza, akiimba kwa chini, kidole kikitembea, mpaka alipofika kwenye "kisima" ndipo akasimama. Nikamwandikia neno hilohilo peke yake kwenye karatasi. Akaniangalia usoni. "Mama mkubwa, hili hatujafundishwa."

Nina miaka 21 nafundisha darasa la kwanza, sasa nipo shule moja nje kidogo ya mji wa Dodoma, na watoto wa namna hii nimewapokea wengi. Si wajinga. Mtoto anayeweza kushika ukurasa mzima kwa kusikia tu ana akili nzuri sana. Kilichomkuta ni kwamba darasa lilijaa, mwalimu akasoma, darasa likaitikia, na yeye akaitikia na wenzake mpaka mwaka ukaisha. Ninayoeleza hapa ndiyo niliyofanya na mtoto wa mdogo wangu mpaka akasoma kweli, na unaweza kuyafanya nyumbani hata kama uliishia darasa la saba.

Pima kabla hujaanza

Usimpime kwa kitabu alichokizoea. Gusa neno la katikati ya ukurasa, kisha la juu, kisha la mwisho. Halafu mwandikie maneno yasiyo na maana yoyote: tumeki, lokati, simalu. Anayejua kusoma atayatamka huku anacheka. Anayekariri atakutazama mdomo, akingoja uanze wewe.

Ukigundua anakariri, rudi naye kwenye silabi, awe darasa la tatu au la tano. Najua aibu inayowapata wazazi hapa, kwamba mtoto mkubwa vile anasoma "ma me mi". Vumilia aibu hiyo. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umewekwa makusudi kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sababu kuanzia darasa la tatu masomo yanaongezeka na mwalimu anaendelea mbele akiamini kusoma kumeshakamilika. Mtoto asiyesoma akifika kwenye upimaji wa darasa la nne hafeli Kiswahili peke yake. Anafeli hata sayansi ambayo majibu yake pengine anayo kichwani.

Vizibo

Kiswahili kinatusaidia sana katika kazi hii. Irabu ni 5 tu, na hazigeuki: a ya "kaka" ndiyo a ya "samaki". Mtoto akishaelewa namna sauti mbili zinavyoungana, maneno mengi yatafunguka yenyewe. Kinachotuharibia ni kumfundisha jina la herufi badala ya sauti yake. Ukimwambia hii ni "be", akikuta b na a atasema "be-a", na akiunganisha atapata "bea". Ana haki. Umemfundisha hivyo wewe. Basi mfundishe sauti: funga midomo, mmmm, sasa ifungue kwenye a. Mmma.

Wala usifuate mpangilio wa a, b, ch, d. Anza na irabu zote 5 mpaka azitambue hata ukizichanganya. Kisha m na l, ambazo sauti yake unaweza kuivuta mtoto akaisikia vizuri, halafu k na t. Konsonanti 4 kwa irabu 5 ni silabi 20. Nilimtuma dukani kwa jirani akaokote vizibo 20 vya soda, visivyo na kutu. Tukakata vikaratasi vya duara, nikaandika silabi moja kwenye kila kimoja, naye akavibandika ndani ya vizibo kwa uji mzito wa sembe. Gundi ya dukani haikuhitajika.

Siku za kwanza hakusoma neno lolote. Nilivimwaga kwenye mkeka nikawa naomba: nipe "mo", nipe "ki", nipe "le". Akikosea simkaripii, natamka tena taratibu, nikionyesha midomo yangu. Vizibo anavyovijua vinahamia upande wake, asivyovijua vinabaki kwangu, na kesho tunaanza na vya kwangu. Siku ya sita nikaweka "mo", na kando yake "to". Akasema mo. Akasema to. Mo, to. Akanyamaza, akavisogeza vizibo mpaka vikagusana, kisha akatazama jikoni. "Moto!" Hakuna aliyemtajia. Miaka yote 21 sijazoea sauti wanayoitoa watoto wakati huo.

Kuanzia hapo badilisha kizibo kimoja tu kwa wakati. Toa "mo" weka "mi", moto inakuwa mito. Kima, toa "ki" weka "li", inakuwa lima. Katika vizibo vile 20 kuna meli, tamu, kata, teke, kule, na ukiongeza cha tatu kuna kamata na katili. Mwache ajitungie hata yasiyokuwepo, mradi ayasome.

Akimaliza hizo, ongeza konsonanti mbilimbili: n na s, b na p, na kuendelea. B na d usizifundishe pamoja. Mimi huziachanisha wiki tatu, kwa sababu kwenye Kiswahili kosa hilo ni kubwa, mtoto anaandika "dada kaenda shamba" akimaanisha baba. Dawa yake ni mchanga, na mchanga Dodoma hatujakosa. Aandike kwa kidole, kidole chote, mkono ukitembea: b, kijiti kwanza kisha tumbo, d, tumbo kwanza kisha kijiti. Huku anatamka sauti. Mkono hukumbuka mapema kuliko macho.

Muda wetu ni dakika 15 kila siku, baada ya ugali, kabla usingizi haujamshika. Saa nzima ya Jumamosi haifiki hapo hata kidogo. Mtoto ameshachota maji, ameshafagia, amechoka, kwa hiyo akianza kupiga miayo muulize neno moja analolijua, alisome, kisha mfunge somo la siku hiyo.

Pale wanapokwama wengi

Silabi mwambatano, yaani zile zenye konsonanti mbili au zaidi zilizofuatana. Mtoto anasoma "kalamu" vizuri, ukimpa "mbwa" anakwama. Wengi huandika "bwa" au "boa". Jenga polepole: wa, bwa, mbwa. Nga, ngo, ngoma. Nda, ndo, ndoo. Usiruke hatua.

Ng na ng' zinataka siku zake zenyewe. Kwenye "ngoma" unaisikia g ikigonga nyuma ya ulimi. Kwenye "ng'ombe" haigongi, sauti inapita puani na unaweza kuivuta kadiri pumzi inavyoruhusu. Mtoto wa huku ng'ombe anamjua, na Chang'ombe anapajua, kwa hiyo mfano uko mlangoni. Mwonyeshe kile kialama cha juu kwamba ni sehemu ya herufi. Wapo watu wazima wanaokiacha hadi leo kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Th na dh: ulimi utoke kidogo kati ya meno. Asipofanya hivyo atasema "selasini" na "zahabu", na atayaandika hivyohivyo. R na l zinasumbua watoto wengi wa huku kwetu. Mpe maneno mawilimawili yanayogombana: kula na kura, kalamu na karamu. Tamka moja, yeye aguse lipi umesema. Lakini nakuomba usimcheke wala usimwambie aache Kigogo. Mtoto anayesimuliwa na bibi yake kwa Kigogo anajifunza namna hadithi inavyoanza, inavyopinda na inavyoisha, na hicho ndicho atakachokitafuta kwenye kitabu.

Kusoma si kutamka tu

Mwezi wa nane yule kijana alisoma habari fupi ya mvuvi, safi, hakukosa hata neno. Nikamuuliza ngalawa ni nini. Akasema ni chakula cha samaki. Mtoto wa Bahi ataijulia wapi ngalawa? Nikamchorea. Tangu siku hiyo kabla ya kusoma natazama mimi kwanza ukurasa, nachagua maneno mawili au matatu ya mbali na huku kwetu, kama mashua, mnazi au pwani, nayaeleza ndipo anasoma. Baada ya kusoma usiulize tu "nani alikwenda sokoni", maana jibu la swali hilo linaokotwa bila kuelewa. Uliza kwa nini alikwenda, na wewe ungefanyaje.

Habari moja isomwe mara tatu, siku tatu tofauti. Ya kwanza anapambana na maneno, ya pili anapata mwendo, ya tatu utasikia sauti inashuka kwenye nukta. Hapo badilisha habari.

Na vitabu visipokuwepo? Maandishi yapo. Pakiti ya chumvi, ya majani ya chai, mfuko wa unga. Vibao vya daladala: Majengo, Nkuhungu, Ihumwa, Veyula. Yule kijana alikuwa ananisomea kila daladala inayopita, nami nikamkubalia hata nilipokuwa na haraka. Kitabu cha nyimbo za kanisani ni kizuri sana kwa sababu maneno yake huimbwa taratibu, silabi kwa silabi, ila hapo chunga asikariri tena. Meseji za mama yake zilipoingia, nilimpa simu asome yeye. Mjini ipo pia maktaba ya mkoa. Mpeleke siku moja, hata kama ni kuangalia picha tu na kugusa vitabu.

Kuandika

Kuandika hakuanzii kwenye kunakili ubaoni. Kunaanzia mdomoni. Mwambie aseme sentensi moja ya jambo lililotokea leo. Iandike wewe mbele yake, ukitamka kila neno unapoliandika. Aisome, halafu ainakili. Baada ya wiki mbili au tatu aandike mwenyewe. Tulitenga daftari la kurasa 48 kwa kazi hiyo, sentensi moja kwa siku. Ukurasa wa kwanza alioandika bila mimi unasema: "leo mbusi ame kula sabuni".

Makosa yapo kadhaa pale, herufi kubwa haipo, nukta haipo. Nilisahihisha moja tu, z ya mbuzi. Daftari likijaa wino mwekundu mtoto huanza kuandika maneno mafupi anayoyajua ili asikosee, na hapo umempoteza. Kosa moja kwa siku. Yanayobaki yaandike pembeni kwako, kesho yatakuwepo.

Lile la "ame kula" lilisubiri wiki iliyofuata, nalo linastahili kuelezwa, maana hata kwenye mabango naliona. "Ame", "ali", "ata" haviendi peke yake, vinashikana na kitendo: amekula, alilala, atakuja. Kinachowachanganya ni "ana", kwa sababu "ana kitabu" ni maneno mawili, na "anakula" ni neno moja. Sheria za sarufi hazimsaidii mtoto wa miaka tisa. Mpe maswali mawili. Anafanya nini? Anakula, unashikanisha. Ana nini? Ana kitabu, unatenganisha. Fanyeni kumi kwa mdomo, kisha matano kwa maandishi. Na kati ya neno na neno aweke kidole chake kimoja, ndiyo nafasi.

Imla ya maneno matano kila Ijumaa inatosha. Yawe maneno aliyoyakosea wiki hiyo.

Macho na masikio

Kabla hujasema mtoto hana akili, mtazame anavyokishika kitabu. Akikileta puani, akikunja uso kusoma ubao, au macho yakiwa mekundu yanatoa machozi, mpeleke zahanati. Trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza, imewasumbua watu wa huku kati kwa miaka mingi, wilaya ya Kongwa hasa. Vilevile sikio linalotoa usaha: asiyesikia tofauti ya "pa" na "ba" hawezi kuiandika. Mwambie na mwalimu wake amkalishe mbele. Mwalimu mwenye watoto 90 hawezi kuona yote, ila ukimfuata ukamwambia, atashukuru.

Mwezi wa kumi na moja vizibo vilikuwa vimefika 70 na zaidi, na yule kijana alikuwa anasoma kitabu chake cha darasa la tatu kwa mwendo wa kawaida. Likizo ya Desemba alirudi Bahi kusaidia shamba la uwele, akaomba aondoke na vizibo amfundishe mdogo wake, ambaye alikuwa anangoja kuanza shule Januari. Niliwaambia waanze na irabu, na kwamba dakika 15 zinatosha. Aliporudi mfuko ulikuwa umepungua: "mi", "lo" na "ku" vimepotea, na "te" kimetafunwa na ndama. Tukakata vikaratasi vingine vinne, safari hii akaandika yeye.