Kuomba Chuo cha Umma Ujerumani: Piga Hesabu Kabla Hujalipa Euro 75

Kila mwaka ikifika Aprili simu yangu huanza kulia. Mara mtoto wa jirani, mara mpwa wa rafiki, mara mtu niliyesoma naye ambaye mdogo wake "anataka kwenda Ujerumani, kule kwa kusoma bure". Nawapokea wote. Ila swali langu la kwanza huwashangaza: GPA yako ngapi, na nyuma ya transkripti yako pameandikwa nini?

Nilisoma uzamili huko, nikarudi, na tangu hapo nimesaidia vijana wengi kuandaa maombi. Wengi waliokataliwa si kwamba hawakuwa na akili. Walikwama kwenye hesabu ambayo wangeweza kuipiga wenyewe jioni moja, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kulipa hata zile euro 75 za ombi la kwanza. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye hesabu, na mengine nitayapita haraka.

Hatua ya 1: Hakikisha chuo ni cha umma, na ujue "bure" inaishia wapi

Fungua Hochschulkompass, tovuti yenye orodha ya vyuo vya Ujerumani, tafuta jina la chuo, uangalie mmiliki. Ukikuta "öffentlich-rechtlich", hicho ni cha umma. Ukikuta "privat, staatlich anerkannt", ni cha binafsi kinachotambuliwa na serikali. Cheti chake ni halali, lakini ada utaijua. Mawakala wengi wa mjini husukuma vijana kwenye vyuo vya binafsi kwa sababu huko ndiko wanakolipwa kamisheni. Chuo cha umma hakimlipi mtu kwa kukupeleka. Wakala mmoja aliwahi kumwambia kijana wangu kwamba nafasi za vyuo vya umma "zimefungwa kwa Waafrika", na kijana akaamini kwa wiki tatu nzima.

Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Unalipa mchango wa muhula, ambao kwa kawaida ni kati ya euro 100 na 350, na mara nyingi ndani yake mna tiketi ya basi na treni. Lakini kila jimbo lina sheria zake. Baden-Württemberg, jimbo lenye Heidelberg, Stuttgart, Tübingen na Karlsruhe, lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Huko Bavaria, Chuo Kikuu cha Ufundi cha München (TUM) kilianza kutoza muhula wa baridi wa 2024/25: euro 2,000 hadi 3,000 kwa muhula kwa shahada ya kwanza, na 4,000 hadi 6,000 kwa uzamili. Basi soma ukurasa wa ada wa programu yenyewe, usitegemee video ya mtu aliyesoma zamani.

Na soma jina la mji vizuri. Freiburg iko kusini-magharibi, jimbo la kulipa 1,500. Freiberg iko Saxony, mji wa chuo cha madini kilichoanzishwa mwaka 1765, ambacho watu wa jiolojia wa Geita na Shinyanga wangekipenda. Herufi moja tu. Nimeshaona barua ya nia inayosifu mji mmoja ikatumwa kwenye mwingine.

Hatua ya 2: Angalia kama cheti chako kinafungua mlango

Kanzidata ya anabin imeorodhesha vyuo vya dunia nzima. Iko kwa Kijerumani, lakini unachotafuta ni alama moja tu: H+ mbele ya jina la chuo chako, maana yake kinatambuliwa. Ukikuta H-, simama hapo kwanza, usiendelee kulipa chochote.

Anayetoka kidato cha sita, au Mkenya mwenye KCSE, aangalie kanzidata ya udahili ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na kutoa ufadhili, achague nchi yake na cheti chake. Wengi watajikuta wanaelekezwa Studienkolleg, yaani darasa la maandalizi la kama mwaka mmoja linalomalizika kwa mtihani uitwao Feststellungsprüfung. Kuingia tu Studienkolleg ya umma kunadai Kijerumani cha kueleweka, na shahada za kwanza za vyuo vya umma kwa sehemu kubwa hufundishwa kwa Kijerumani. Kwa hiyo nasema wazi: kama huna Kijerumani na huna miaka miwili ya kukitafuta, soma shahada ya kwanza nyumbani, uende uzamili. Yanayofuata yanamhusu zaidi huyo wa uzamili.

Hatua ya 3: Igeuze alama yako

Hapa ndipo wengi wanapoanguka bila kujua. Kwa Wajerumani alama bora ni 1.0 na ya mwisho ya kufaulu ni 4.0, kinyume chetu. Vyuo vingi hubadilisha alama za nje kwa kanuni ya Bavaria, na ni rahisi kuliko jina lake. Chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wenu, toa alama yako. Gawanya jibu kwa tofauti ya alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa 3. Jumlisha 1.

Mtanzania mwenye GPA 3.8: ya juu ni 5, ya kufaulu ni 2. Tano toa 3.8 ni 1.2. Gawanya kwa 3, unapata 0.4. Mara 3 ni 1.2. Ongeza 1, wewe ni 2.2.

Sasa, programu nyingi za uzamili huandika kwamba zinataka 2.5 au bora zaidi. Rudisha hesabu nyuma: 2.5 ya Ujerumani ni GPA 3.5 ya kwetu, pale pale daraja la pili la juu linapoanzia. Mwenye 3.4 anakuwa 2.6. Pengo ni moja ya kumi, na programu yenye kikomo cha 2.5 inaweza kumtoa bila hata kusoma barua yake. Huyu asife moyo, atafute programu zinazopokea hadi 2.7 au 3.0, zipo.

Mkenya ana shida nyingine. Vyuo vingi vya Kenya huhesabu kwa asilimia: juu ni 100, kufaulu ni 40. Mwenye 70, daraja la kwanza la kusherehekewa na ukoo mzima, kwenye kanuni hiyo anatoka 2.5. Mwenye 65 anatoka 2.75. Kanuni haijui kwamba kwenye mfumo huo karibu hakuna anayepata 95. Baadhi ya vyuo hulizingatia hilo, vingine havilizingatii. Mkenya mwenye 66 aandike barua pepe kwa mratibu wa programu kabla ya kulipa, aulize wanavyogeuza alama za Kenya. Hujibu, na hujibu kwa adabu.

Nimezoea kumwambia kijana aandike jibu lake juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu, kisha achague programu sita tu: mbili zenye kikomo anachokizidi vizuri, mbili zinazomtosha sawasawa, mbili za kujaribu bahati.

Hatua ya 4: Hesabu krediti, somo kwa somo

Alama ikitosha, wanaangalia ulisoma nini. Programu inaweza kudai, kwa mfano, ECTS 20 za hisabati na takwimu. ECTS ni krediti za Ulaya, na mwaka mmoja wa masomo ni 60. Kwetu Tanzania, kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), mwaka ni krediti 120, na krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi. Kwa hiyo gawanya kwa mbili: somo la krediti 12 ni kama ECTS 6.

Chora jedwali. Upande mmoja masharti ya programu, upande wa pili masomo yako na krediti zilizogawanywa. Mtu wa biashara anayeomba uchumi mara nyingi anagundua hapo kwamba hisabati yake ni ECTS 11 wakati wanataka 20. Inauma, lakini heri iume Februari ukiwa nyumbani. Jedwali hilo likikaa vizuri, liambatishe kwenye maombi, pamoja na maelezo mafupi ya kila somo kutoka kwenye kitabu cha mtaala cha idara yako. Ndaki nyingi hazina nakala mkononi, kwa hiyo muombe mkuu wa idara mapema na umkumbushe kila wiki.

Hatua ya 5: Lugha

Kwa programu za Kiingereza, wengi hudai mtihani wa Kiingereza: IELTS 6.5 au TOEFL inayolingana. Vyuo vingine hukubali barua ya chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza, vingine havitaki kuisikia. Kwa programu za Kijerumani ni mtihani wa Kijerumani: TestDaF yenye 4 kila sehemu, au DSH-2. Hata ukienda kwa Kiingereza, anza Kijerumani. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam na Nairobi. Kutafuta chumba na kazi ya jioni kwa Kiingereza pekee, mji mdogo, ni kujitesa.

Hatua ya 6: Karatasi, na hasa majina

Skani transkripti pande zote mbili. Narudia, zote mbili. Mfumo wa alama, ule unaosema A ni ngapi na kufaulu ni ngapi, mara nyingi huchapwa nyuma, na bila huo hawawezi kugeuza GPA yako. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilituma upande wa mbele tu, maombi yakarudi kama hayajakamilika wakati tarehe imeshapita. Nilisubiri mwaka mzima kwa sababu ya ukurasa mmoja.

Halafu majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Juma A. Saidi, cha chuo Juma Ali Said, pasipoti ina Said peke yake mwisho. Kwetu ni mtu yule yule na hakuna anayeuliza. Kule ni watu watatu. Kinachotawala ni pasipoti, kwa hiyo jaza fomu zote kama pasipoti ilivyo, na kama vyeti vinatofautiana, pata kiapo cha majina mapema na ukiambatishe kila mahali.

Kuhusu nakala zilizothibitishwa, soma kila chuo kinakubali mhuri wa nani. Mhuri wa chuo kilichokupa cheti ndio usioleta maswali mengi.

Hatua ya 7: Kutuma

Kuna njia tatu. Chuo kinaweza kuwa na mfumo wake, na hapo mara nyingi hulipi. Kinaweza kupokea kupitia uni-assist, shirika linalokagua vyeti vya nje kwa niaba ya vyuo, ambako ombi la kwanza la muhula ni euro 75 na kila linaloongezeka ni euro 30. Au kinaweza kutaka vyote viwili: uni-assist wakague vyeti na kukupa hati iitwayo VPD, kisha wewe uipeleke kwenye mfumo wa chuo. TUM hufanya hivyo. Wa VPD ndio wanaochelewa zaidi, maana wanadhani wakishalipa uni-assist wamemaliza.

Tarehe ya kawaida ya muhula wa baridi, unaoanza Oktoba, ni 15 Julai, na ya muhula wa kiangazi ni 15 Januari. Lakini uzamili wa kimataifa mara nyingi hufunga miezi kadhaa kabla. Ukaguzi wa uni-assist huchukua wiki nne hadi sita, kwa hiyo anayepakia karatasi siku ya mwisho hana nafasi ya kusahihisha kosa.

Barua ya nia iwe ukurasa mmoja hadi miwili. Usianze na utoto wako. Taja somo ulilofanya, tatizo ulilokutana nalo kazini au kwenye utafiti wako, na moduli mbili za programu hiyo zinazolijibu. Ukiweza kubadilisha jina la chuo na barua ikabaki sawa, iandike upya.

Hatua ya 8: Pesa na viza, vianze kabla ya jibu

Bure ya ada si bure ya maisha. Ubalozi unataka uthibitisho wa fedha za mwaka, na kiwango tangu Septemba 2024 ni euro 11,904. Zinawekwa kwenye akaunti ya zuio, Sperrkonto, halafu ukifika unafunguliwa euro 992 kila mwezi. Kwa shilingi za Tanzania inapita milioni 30, na familia nyingi huishia hapo. Njia nyingine ni ufadhili, kama programu za EPOS za DAAD kwa wenye uzoefu wa kazi wa miaka miwili au zaidi, au ndugu anayeishi Ujerumani akuwekee dhamana rasmi, Verpflichtungserklärung, kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Usipange kwamba utapata kazi ukifika. Sheria inaruhusu siku 140 kamili kwa mwaka, lakini pesa ya viza lazima ionekane kabla hujapanda ndege.

Viza yenyewe ni euro 75, foleni ya miadi ni ndefu, na uamuzi unaweza kuchukua wiki nyingi. Ukiona tu kwamba maombi yako yamepokelewa, anza kuandaa karatasi za ubalozi. Barua ya udahili ikiingia, siku hiyo hiyo, kabla hujaisambaza kwenye kundi la familia, fungua tovuti ya Studierendenwerk ya mji huo, shirika la huduma za wanafunzi lenye hosteli, uombe chumba cha hosteli. Orodha yao hupangwa kwa aliyetangulia, na waliopata barua asubuhi ile ile hawako Dar es Salaam peke yake.