Kupima mtetemo ili kugundua uharibifu wa daraja la zege

Daraja lina masafa yake asilia ya kutetemeka, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (Hezi). Zege likipasuka, au nondo zikiliwa na kutu, boriti hupoteza ugumu na masafa hushuka. Uzito usipobadilika, ugumu hufuata mraba wa masafa: yakishuka kutoka Hezi 4.00 hadi 3.88, yaani asilimia 3, ugumu umepungua kwa karibu asilimia 6. Lakini umeshuka kutoka wapi? Ndiyo maana kipimo cha kwanza kichukuliwe daraja likiwa bado zima.

Funga akselerometa (vihisi vya kupima mtetemo) kwenye robo, nusu na robo tatu ya kila boriti, pande zote mbili za daraja, ili utofautishe kupinda na kujisokota. Kama vihisi ni vichache, kimoja kibaki palepale cha kulinganishia na vingine vihamishwe. Hicho kimoja kisikae katikati ya boriti, kwani umbo la pili la mtetemo (jinsi boriti inavyojipinda katika masafa yake ya pili) halisogei hapo. Safisha zege, kisha tumia bolti au gundi ngumu. Kishikizo kilicholegea hutetemeka chenyewe na kukuletea kilele cha uongo kwenye grafu ya masafa.

Upepo na magari yanatosha kulitikisa daraja. Rekodi sampuli 200 kwa sekunde kwa muda wa mizunguko 2,000 ya mtetemo au zaidi. Kwa Hezi 4 hiyo ni sekunde 500; chukua dakika 15. Kwenye daraja fupi, kata vipande ambavyo lori zito lilikuwa juu yake, maana uzito wake hushusha masafa.

Katika uchambuzi, gawa rekodi katika vipande vya sekunde 60 vinavyopishana nusu kwa nusu, kisha tafuta wastani wa spektra, yaani grafu zinazoonyesha nguvu ya mtetemo kwa kila masafa. Vipande hivyo hutenganisha masafa kwa Hezi 0.017. Vya sekunde 10 hutenganisha kwa Hezi 0.1 tu, na badiliko la asilimia 1 litakupita bila kuliona.

Jotoridi ndilo linalopotosha wengi. Kwenye daraja la Z24 nchini Uswisi, lililofuatiliwa karibu mwaka mzima kabla ya kuharibiwa kwa makusudi mwaka 1998, hali ya hewa peke yake ilibadilisha masafa kwa zaidi ya asilimia 10, hasa lami ilipoganda na kuwa ngumu. Kwa hiyo pima joto la zege lenyewe, juu na chini ya sitaha (sakafu ya daraja), kwa misimu yote. Chora masafa dhidi ya joto, na ushuku tu kile kinachotoka nje ya mtawanyiko huo.

Hata hapo, uliza kwanza kama lami mpya imeongezwa, maana hiyo huongeza uzito. Beringi (kiegemeo cha boriti) iliyokwama, kinyume chake, hupandisha masafa na inaweza kuficha nyufa. Na kwenye zege lililobanwa kwa kebo zilizovutwa, nyufa hujifunga mzigo ukiondoka, hivyo masafa kutobadilika si ushahidi wa usalama.

Masafa hayakuonyeshi mahali penye tatizo. Linganisha maumbo ya mtetemo ya zamani na mapya, kisha nenda na nyundo pale yanapoachana.