Modemu ya kebo au faiba: pima kabla ya kulipia

Namba kubwa kwenye tangazo la intaneti ni kasi ya kupakua. Uliza kasi ya kupakia, maana hapo ndipo kebo (waya wa shaba kama wa televisheni) na faiba (nyuzi za kioo zinazobeba mwanga) zinapoachana.

Kwa kebo, soma kiwango cha DOCSIS (kanuni ya kupitisha intaneti kwenye kebo) kwenye lebo ya modemu. DOCSIS 3.0 huunganisha chaneli, na kila chaneli ya kupakua ya megahezi 6 hubeba takriban 38 Mbps (megabiti kwa sekunde). Kwa hiyo modemu ya 8x4 (nane za kupakua, nne za kupakia) huishia karibu 300 Mbps, hata ukilipia 500. DOCSIS 3.1 ina ukomo wa Gbps 10 (gigabiti kwa sekunde) kupakua, lakini kupakia hubaki nyuma mno: mitandao mingi imetengea upakiaji masafa ya megahezi 5 hadi 42 au 65 tu, na huko chini kelele za umeme ni nyingi.

Faiba nayo hugawanywa kati ya nyumba. GPON, kiwango cha kawaida cha faiba, hutoa Gbps 2.5 kushuka (kupakua) na 1.25 kupanda (kupakia) kwa nyumba 32 au 64 kwa pamoja. XGS-PON, kiwango cha kasi zaidi, hutoa Gbps 10 kushuka na 10 kupanda. Ukituma video nzito au kuhifadhi mafaili mtandaoni kila siku, chukua faiba bila kusita. Kwa kutazama filamu tu, kebo ya DOCSIS 3.1 yenye mawimbi safi inatosha kabisa.

Usafi huo unapimika. Modemu nyingi za kebo hufungua ukurasa wake ukiandika 192.168.100.1 kwenye kivinjari. Nguvu ya kupokea iwe kati ya -7 na +7 dBmV (kipimo cha nguvu ya mawimbi), SNR (uwiano wa mawimbi kwa kelele) izidi 33 dB, na nguvu ya kutuma isipite 50 dBmV hivi. Ikipita, tuhumu splita (kigawanya waya) kwanza: ya njia mbili humeza takriban 3.5 dB, ya njia nne 7. Iondoe, kaza viunganishi, soma tena.

Kwenye GPON, mwanga unaopokelewa ukishuka kukaribia -27 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) laini itakatikakatika. Sababu za kawaida ni waya uliokunjwa sana kwenye kona, ncha chafu, au kichwa cha kijani kuchomekwa kwenye tundu la buluu.

Pima kasi kwa waya wa Etheneti, si Wi-Fi. Ukipata 94 Mbps kamili, waya au tundu vimekwama kwenye 100. Gigabiti nzima huonyesha kama 940. Rudia kipimo saa mbili usiku na alfajiri. Usiku kasi ikianguka ilhali namba za mawimbi ni nzuri, laini ya mtaa imejaa, na kununua modemu mpya hakutasaidia.