Somo: Gauni jekundu la Krismasi kwa mwanasesere wa sentimita 29

Leo tunashona gauni jekundu la mikono mirefu, lenye manyoya meupe kwenye pindo na mikononi. Vipimo ni vya mwanasesere wa sentimita 29, kimo cha Barbie tangu alipotoka mwaka 1959. Kama wako ni mrefu au mnene zaidi, mpime. Njia haibadiliki.

Kwanza tuzungumze kitambaa, maana hapo ndipo nguo nyingi huharibika kabla hata mkasi haujashikwa. Mwanasesere huyu ni kama moja ya sita ya mtu mzima. Mwili umepungua, miguu imepungua, lakini unene wa kitambaa uko palepale. Mahameli ya milimita 1 kwake ni kama wewe kuvaa nguo ya milimita 6, na kwenye mshono zinakutana tabaka mbili au tatu. Lazima gauni litasimama kama kengele. Tafuta pamba nyembamba laini, au mahameli nyembamba yenye kuvutika. Kunja kitambaa mara nne ukibane kwa vidole. Kama bado ni kigumu, kiache.

Halafu rangi. Nyekundu, kijani iliyokolea na nyeusi huingia kwenye mwili wa vinili, ile plastiki laini ya mwanasesere, na kukaa humo. Niliwahi kumwacha mmoja ndani ya gauni jekundu kwa miezi kadhaa, nikamvua na kukuta mapaja yamegeuka waridi. Niliumia sana. Kwa hiyo fua kitambaa kwa maji ya uvuguvugu mpaka maji yatoke meupe. Kisha kilowanishe, kikandamize na kitambaa cheupe, upige pasi. Kikiacha alama yoyote, rudia kufua au badilisha kitambaa. Hata kikifaulu, mimi bado naweka bitana nyeupe.

1. Pateni, yaani karatasi ya kukatia kitambaa. Mfunge kiwiliwili kwa plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, kisha bandika selotepu ya karatasi juu yake. Chora mstari wa katikati mbele na nyuma, ubavuni, shingoni, kiunoni na kuzunguka kwapa. Kata taratibu kwa kufuata mistari. Ganda likikataa kulala bapa, lichane kutoka kiunoni kuelekea kifuani. Pembetatu itakayofunguka ndiyo mahali pa kukunja na kushona ili nguo ikae kifuani. Hamishia kwenye karatasi, ongeza milimita 2 ubavuni kwa ajili ya bitana, halafu milimita 5 za mshono pande zote.

2. Sketi. Nusu duara inaanguka vizuri kuliko duara zima. Kiuno cha sentimita 9, ongeza 1 ya kupishana nyuma, ni 10. Gawanya kwa 3.14, upate nusu kipenyo cha 3.2. Toa milimita 5 za mshono: chora tao la sentimita 2.7. Kila ukingo ulionyooka uongezee milimita 5.

3. Kukata. Mahameli ina mwelekeo. Ipapase kwa kiganja, na vipande vyote vya kifua na mikono vielekee upande mmoja, la sivyo vitaonekana rangi mbili tofauti. Paka gundi ya kuzuia nyuzi kwenye kingo na uiache ikauke.

4. Kifua. Shona mabega, ya gauni na ya bitana. Zilaze uso kwa uso, shona shingo na kingo mbili za nyuma. Chanja vipande vidogo kwenye mviringo wa shingo bila kugusa uzi, geuza, piga pasi. Kuanzia hapo zihesabu kama kitambaa kimoja.

5. Mikono. Usijaribu kuizungushia kwapa kama unavyofanya kwenye nguo ya mtu. Weka manyoya mwishoni mwa mkono, pachika mkono begani nguo ikiwa bado wazi, kisha funga mkono na ubavu kwa mshono mmoja.

6. Kumalizia. Weka manyoya kwenye pindo sketi ikiwa bapa. Unganisha na kiuno, funga nyuma kutoka chini mpaka usawa wa nyonga, acha juu wazi. Vifungo vidogo vya kubonyeza viwili vinatosha.

Maswali ya wanachama

*Fundi, cherehani yangu inameza vipande vidogo. Nifanyeje?*
Tumia sindano namba 60 au 70, stichi ya milimita 1.5 hadi 2, na weka karatasi nyembamba chini ya kitambaa, utaichana ukimaliza. Shikilia ncha za nyuzi mbili mwanzoni. Mikono mimi naishona kwa mkono, sioni hasara.

*Manyoya yangu yanakatika na kubaki na upara.*
Unayakata kwa mkasi kutoka juu. Yageuze, kata kitambaa cha nyuma tu kwa wembe, kisha yatenganishe kwa vidole. Ukanda wa milimita 8 unatosha.

*Naweza kutumia velkro badala ya vifungo?*
Inanasa nywele na kuvuta nyuzi za satini. Kama vidole vimechoka, kulabu ndogo na kitanzi cha uzi ni bora.

*Vidole vya wangu vinakwama kwenye mkono wa gauni.*
Mvalishe kiganja kipande cha kidole cha glovu ya plastiki, kipitishe, kisha ukivue.

*Dada, wangu tayari ana doa jekundu mgongoni. Kuna dawa?*
Krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi asilimia 10. Paka kwenye doa tu, funika kwa plastiki, weka juani, angalia kila baada ya saa chache. Inaweza kupausha mwili wenyewe, kwa hiyo usiharakishe, na usiisogeze karibu na rangi ya uso.

*Nina Barbie wa sikukuu wa mwaka 1988, wa kwanza wa mfululizo ule, bado yumo kwenye boksi. Nimshonee hili?*
Tafadhali usimguse. Gauni lake jekundu na boksi lake ni sehemu ya thamani yake. Mtafute mwingine asiye na nguo, mshonee huyo, uwapange pamoja.