Udaktari wa mifugo Marekani: usichanganye saa za zizini na saa za kliniki

Wazazi na wajomba nyumbani, elewaneni na kijana wenu kwanza. Marekani mtu hatoki sekondari akaingia udaktari wa mifugo kama ilivyo Sokoine au Nairobi. Husoma kwanza chuo kikuu, fani yoyote, ilimradi amepita masomo ya lazima: biolojia, kemia ya kawaida na ya ogania, baiokemia, fizikia, jenetiki, takwimu. Ndipo inakuja miaka 4 ya DVM, yaani shahada yenyewe ya udaktari wa mifugo. Msimsimange kwamba wenzake wa Morogoro wamemaliza.

Vyuo vingi havipokei C- kwa somo la lazima, na vingine hukataa masomo ya miaka mingi nyuma. Maombi mengi hupitia VMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi mtandaoni, unaofungwa katikati ya Septemba, karibu mwaka mzima kabla ya kuanza masomo.

Sasa mtego wenyewe: saa. VMCAS ina mafungu kadhaa ya uzoefu, na mawili ndiyo huchanganywa. Uzoefu wa kitabibu ni kazi uliyofanya chini ya daktari wa mifugo. Uzoefu wa wanyama ni kuchunga, kukamua, kulisha kuku, bila daktari kukusimamia. Kuogesha ng'ombe wa babu kwenye josho tangu utotoni ni fungu la pili, hata kama ni miaka kumi. Na bwana mifugo wa kata, ambaye kijiji kizima humwita daktari, kama ana stashahada tu si daktari kwa hesabu yao. Ukimwandika kama daktari, fungu la kitabibu linabaki tupu. Narudia: uliza shahada ya msimamizi kabla hujaanza kuhesabu. Saa moja haiingii mafungu yote mawili. Na baba mdogo asikusainie saa ambazo hakukusimamia. Mawasiliano ya msimamizi huandikwa kwenye fomu na chuo kinaweza kumpigia.

Kwa hiyo ingia kliniki mapema, hata kwa kujitolea. Mwenye viza ya mwanafunzi asipokee malipo nje ya chuo bila ruhusa. Mwanzoni utafua taulo na kusafisha vizimba. Baadaye utashika mbwa atolewe damu: mkono mmoja chini ya shingo, kichwa ukikivutia kifuani pako, mwingine nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, dole gumba likibana mshipa na kuuviringisha kidogo nje. Andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, daktari, ulichofanya.

Wengi wetu tunamdharau mbwa. Hapa hulala kitandani, na mwenyewe hulipia upasuaji wake bila kunung'unika. Naona ni upendo wa kweli. Usiucheke, hasa kwenye usaili. Lakini tafuta pia daktari wa ng'ombe au farasi. Vyuo hupenda kuona aina tofauti za wanyama, na hapo malezi ya kijijini yanakusaidia.

Mwenye BVM (shahada ya udaktari wa mifugo ya kwetu) tayari asianze upya; aangalie ECFVG au PAVE, mipango ya kuwathibitisha madaktari wa mifugo waliosomea nje.

Barua za mapendekezo ni angalau tatu, na vyuo vingi hutaka moja itoke kwa daktari wa mifugo aliyekuona kazini. Ndugu haruhusiwi. Mwombe daktari huyo ungali unafanya kazi naye, na uchukue barua pepe anayoifungua kila siku, si ya mapokezi, maana kiungo cha VMCAS humfikia yeye moja kwa moja.