Valvu za pawa kwenye amplifaya ya gitaa ya zamani: uliza transfoma kwanza, mlio baadaye

Mpiga solo akitaka kubadili valvu za pawa, yaani zile chupa za kioo zinazoipa spika nguvu, swali lake huwa moja: 6L6 au EL34, ipi ina mlio mtamu? Swali si baya, ila limewahi mno. Kwenye amplifaya ya miaka ya 1960 au 1970, wenye kauli ni transfoma mbili zilizofungwa kwenye chesisi: ya umeme na ya spika. Ukizipa mzigo wasioutegemea waliozisuka, utafurahia mlio maonyesho mawili matatu, kisha utasikia harufu ya vanishi inayoungua.

Kwa Dar es Salaam kuna jambo la kutangulia hata hilo, nalo ni umeme wa ukutani. Pima soketi mchana, pima tena usiku mitaa ikishalala, na upime jenereta la ukumbi unakopiga. Volti 230 ni ya kwenye makaratasi. Ukikuta 215 jioni na 245 usiku wa manane usishangae. Amplifaya ya Fender iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka volti 117 hivi. Transfoma ya kushushia volti iliyoandikwa 120 ikipewa 245 itatoa karibu 128, na kila volti ndani ya amplifaya itapanda kwa kiwango hicho hicho. Iliyoandikwa 110 itatoa 117 kwa umeme ule ule. Kwa hiyo nunua ya 110. Kwa amplifaya ya valvu mbili au nne za 6L6 chukua ya wati 500 kwenda juu, maana namba zinazobandikwa kwenye hizi za bei poa huwa za matumaini. Kumbuka pia kwamba umeme wetu ni wa hezi 50. Transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 tu hupata moto zaidi hapa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoizidishia volti. Amplifaya nyingi za Marshall na Vox zina swichi ya kuchagua volti. Kama soketi yako inakaa juu ya 235, iweke kwenye 240 au 245.

Ukaguzi wa haraka ni hita, waya wa ndani unaopasha valvu moto. Kwenye soketi ya pini nane, pima AC kati ya pini 2 na 7. Volti 6.0 hadi 6.6 ni salama. Ikifika 6.9, rudi kwenye umeme kabla hujagusa kitu kingine.

Sasa hesabu ya mkondo wa hita. 6V6 moja hula ampea 0.45, EL84 0.76, 6L6GC 0.9, KT66 1.3, EL34 1.5 na 6550 1.6. Chukua Deluxe Reverb ya Fender yenye 6V6 mbili: hita za pawa zinakula ampea 0.9. Ukichomeka EL34 mbili zinakula 3.0. Ampea 2.1 za ziada kwenye transfoma ndogo kama ile, chumba kina joto la nyuzi 32 na feni iko kwa mwimbaji! Usifanye. Hata 6L6 mbili kwenye amplifaya hiyo, ingawa watu wanaziweka, zinaongeza ampea 0.9 na transfoma ya spika haikusukwa kwa ajili yake. Unanunua sauti kidogo kwa bei ya transfoma.

Kuna kosa la upande wa pili: kuweka 6V6 kwenye amplifaya ya 6L6 ili "ilainike". Hita zitafurahi, lakini volti 440 au 450 kwenye anodi (sahani ya ndani inayopokea mkondo) ni nyingi kwa 6V6 za kawaida. Zaidi ya hapo, 6V6 mbili hutaka mzigo wa omu 8,000 hivi upande wa anodi, na 6L6 mbili hutaka 4,000 na kidogo. Kama volti inaruhusu, mzigo unarekebishwa bila kufungua chochote: chomeka spika ya omu 8 kwenye tundu la omu 4, na mzigo unaoonekana na valvu unakuwa maradufu. Ujanja huo huo unatumika kwa Twin Reverb, Fender ya 6L6 nne, inayopiga kelele kuliko ukumbi. Toa valvu mbili za nje au mbili za kati, usitoe mbili za upande mmoja, kisha utumie spika zenye jumla ya omu 8 badala ya 4. Usitarajie makubwa, sauti hushuka desibeli 3 tu. Kwenye Vox AC30 usiujaribu ujanja huu, kwa sababu EL84 zake nne zinagawana resista moja ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa mkondo), na mbili zinazobaki zitabeba mkondo kupita kiasi.

EL34 kwenye amplifaya ya 6L6 inawezekana pale transfoma ya umeme inapokuwa na nafasi, ila angalia pini 1. Kwenye 6L6GC pini hiyo haina kazi ya maana, hivyo Fender waliitumia kushikilia resista ya omu 1,500 inayokwenda gridi, wavu wa ndani unaodhibiti mkondo. Kwenye EL34 pini 1 ni gridi ya tatu, na lazima iunganishwe na pini 8. Hamisha resista ile kwanza.

Kisha bayasi, yaani volti hasi inayoishika gridi isiachie mkondo ovyo. 6L6 hutaka hasi 50 hivi anodi ikiwa na volti 440. EL34 hutaka kama hasi 38. Ukitoa EL34 na kuchomeka 6L6 bila kurekebisha, sahani ya ndani itawaka nyekundu. Ukifanya kinyume, EL34 zitakuwa baridi, na gitaa litatoa mkwaruzo mwembamba kama redio iliyokosa stesheni.

Kabla ya kufungua chesisi: zima, chomoa, subiri, kisha toa chaji ya kapasita kupitia resista ya kilo-omu 10 ya wati 10 hadi multimita isome chini ya volti 10. Volti 400 za kapasita haziulizi kama umechomoa. Unapopima ikiwa imewashwa, mkono mmoja uwe mfukoni, na spika iwe imechomekwa muda wote.

Chomelea resista ya omu 1 kati ya pini 8 na chesisi kwa kila valvu. Milivolti moja juu yake ni miliampea moja. Kabla ya kuchomeka valvu, washa na upime pini 5 (gridi) za soketi zote. Zinapaswa kusoma volti hasi zilezile. Moja ikisoma hasi 52 na mwenzake hasi 44, kapasita inayoleta sauti kwenye gridi ya hasi 44 inavujisha. Ibadilishe, la sivyo utalaumu valvu mpya tatu mfululizo. Zikiwa sawa, chomeka valvu, acha zipate moto dakika kumi, pima volti ya pini 3 (anodi), na fanya hesabu: wati za juu za valvu mara 0.7, gawa kwa volti. 6L6GC ni wati 30, EL34 ni 25, 6V6 ni 12. Kwa 6L6GC yenye volti 430, jibu ni karibu miliampea 49. Hicho ni kikomo tu, si mahali pa kulenga. Kwa gitaa la dansi linalotaka noti safi zinazotengana, 35 hadi 40 inatosha na valvu hudumu.

Kwa mlio wenyewe: 6L6 hukaa safi hata ukiikandamiza, inafaa solo na ridhimu za dansi. EL34 husukuma sauti za kati na hukwaruza mapema. EL84 hukwaruza mapema zaidi, na kwa AC30 jua kwamba huchakaa haraka kwa sababu kiwandani zimewekwa zipitishe mkondo mkubwa.

Chumvi ya bahari inakula soketi. Safisha pini kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi na ukaze vishikio, hasa kati ya pini 2 na 3, ambako cheche hupenda kuruka na kuacha njia nyeusi ya mkaa. Soketi yenye njia hiyo haisafishiki, ng'oa uweke nyingine. Fyuzi ikikatika mara tu baada ya valvu kupata moto, pima resista za skrini (gridi ya pili ya valvu): zile za omu 470 zilizopasuka ni ushahidi kwamba valvu ilishoti. Na kwenye plagi ya ukutani ondoa fyuzi ya ampea 13 uweke ya 5. Ile ya 13 itaacha waya uungue kwanza.