Jinsi ya kukagua swali linalowaonea watoto

Watoto wa mjini wakiwapita wa kijijini kwa wastani katika jaribio la uwezo wa akili, usikimbilie kusema jaribio lina upendeleo. Huenda pengo ni la kweli: huku walimu kumi, kule watatu. Mimi hukagua swali mojamoja.

Hatua ya 1. Wapange watoto kwa jumla ya alama, si kwa shule. Kama maswali ni 30, fanya mafungu matatu: 0–10, 11–20, 21–30.

Hatua ya 2. Katika kila fungu, hesabu waliopata swali unalolikagua. Tuseme fungu la kati lina watoto 40 wa mjini, 30 wamelipata. Wa kijijini nao 40, waliolipata 12. Hawa jumla zao zinakaribiana, iweje swali moja liwatenganishe hivyo? Litilie alama. Pengo likijitokeza kwenye fungu moja tu lenye watoto wachache, inaweza kuwa bahati tu.

Hatua ya 3. Kaa na mtoto, umuulize. Hapa usiwe na haraka. Niliwahi kuwa na swali la picha nne: feni, redio, pasi, kikapu. Kipi si cha kundi? Jibu letu lilikuwa kikapu, maana vingine vinatumia umeme. Binti wa darasa la nne alionyesha feni. “Redio yetu ya betri, pasi ya mkaa, na kikapu tunacho. Hiki sikijui.” Kafikiri vizuri kabisa, na tulimpa sifuri!

Hatua ya 4. Badilisha picha au lifute swali, kisha jaribisha upya.

Hatua ya 5. Kabla ya jaribio, toa mazoezi ya kutosha. Karibu na Bagamoyo, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake (2002) waliwafundisha watoto kwa muda usiofika saa moja, wakawapima tena, alama zikapanda.

Njia hii ina kasoro moja kubwa: jaribio zima likiegemea upande mmoja, hata jumla uliyopangia mafungu imeegemea. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka na Manchester kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli, Waingereza waliongoza. Kwa waya, Wazambia, ambao huunda magari ya waya wakicheza. Kwa udongo wa mfinyanzi walilingana. Angetumia penseli peke yake, hakuna hesabu ya mafungu ambayo ingemwonyesha hilo.